Bado Nakuangalia

Mume wangu anakula amesimama. Sahani yake huzunguka naye chumba kizima, kutoka dirishani hadi mlango wa nyuma, kutoka mlango wa nyuma hadi kwenye ndoo ya maji, na ukimwambia aketi ataketi ukingoni mwa kiti kama mgeni aliyekuja kuaga. Mtaa mzima unamwita Kiguu na Njia. Hata wanafunzi wake wanamwita hivyo akiwapa kisogo. Ni mwalimu wa michezo, na nadhani Mungu alimwonea huruma, maana hiyo ndiyo kazi pekee ninayoijua ambayo mtu analipwa kwa kutotulia.

Mimi ni msusi. Nami nashinda nimesimama, lakini angalau nasimama mahali pamoja. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu: kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kilichopasuka pembeni, benchi la wanaosubiri, na pazia linalotenganisha yote hayo na ua. Yeye hupita kwenye pazia hilo kutwa nzima akitafuta filimbi, akitafuta viatu, akitafuta kitu ambacho hata mwenyewe hakijui. Wateja wangu wamemzoea. Wakihisi upepo shingoni wanasema, "Mwalimu huyo," bila kuinua kichwa.

Kwa miaka mingi timu yake ya netiboli haikuwa na mchujo. Msichana yeyote aliyefika uwanjani, awe na viatu au hana, alikuwa mchezaji. Siku ya mechi aliwapeleka wote, akawa anawatoa na kuwaingiza, huyu dakika chache, yule dakika chache, mpaka mwamuzi anachanganyikiwa nani yumo na nani hayumo. Mfungaji wake wa kipindi cha pili anaweza kuwa mtoto anayefumba macho akirusha mpira. Walifungwa. Walifungwa hadi shule nyingine zikawa zinaomba mechi ya kirafiki nao ili kuwachangamsha watoto wao walionuna.

Na mimi nilikuwa na desturi yangu katika timu hiyo. Zamani msichana mmoja nywele zilimfumuka katikati ya mechi zikamziba macho, mpira ukampiga puani. Tangu hapo, siku moja kabla ya kila mechi, nawasuka wote mtindo mmoja: mistari myembamba inayopanda kutoka kisogoni hadi utosini, mwishoni inafungwa kwa uzi mweupe. Bure. Siku ya pili shuleni kila mtu anajua huyo ni wa timu, na wanatembea wamenyoosha shingo. Kwa kuwa timu ilikuwa shule nzima, jioni ya siku hiyo vidole vyangu vilikuwa havikunjiki hata kushika kijiko.

Kwa hiyo mwalimu mkuu alipomwita ofisini na kumwambia kwamba mashindano ya mwaka huu yanataka kikosi cha watu kumi na wawili, afanye majaribio, achague, na waliobaki awaambie waende zao, mimi nilishangilia kwa ajili ya vidole vyangu. Mume wangu alirudi nyumbani amekunja uso akaanza kubishana na mimi kana kwamba mimi ndiye mwalimu mkuu.

"Utamwambiaje mtoto kwamba hafai?"

"Nani kasema hafai? Unamwambia hayumo."

"Ni yale yale."

"Si yale yale hata kidogo."

"Mama, mtoto anakuja uwanjani juani, anatoa jasho, anarudi nyumbani magoti yamechubuka, halafu mimi nimwambie usije tena? Shule ni ya nani? Mbona darasani hatuwafukuzi wasiojua hesabu?"

Hapo alinibana. Nilimwambia tu kwamba wale wanaojua kucheza nao ni watoto, nao wanalia kwenye basi kila wakifungwa, na hakuna anayewauliza. Akasema hilo nalo ni kweli. Akaenda dirishani, akarudi, akasema tena kwamba hilo nalo ni kweli, akatoka kwenda kuzunguka mtaa.

Mnaweza kudhani alikatwa kwenye timu utotoni na kidonda hakijapona. Wala. Kokote alikosoma alichaguliwa wa kwanza, mbio, mpira, kuruka, chochote. Hajawahi kusimama kwenye mstari akasikia majina yakiisha bila lake. Huo ndio ugonjwa wake: anadhani mtu akikataliwa anakufa. Mimi nimekataliwa mpaka nikazoea. Kwaya ya shule iliniomba niwe nafungua mdomo bila kutoa sauti wageni wakija, halafu ikaona hata huo mdomo mtupu unaharibu, ikanitoa. Chuo cha uuguzi kilinikataa. Mwanamume mmoja alinikataa wakati mama yangu ameshaalika watu, na leo nikimwona alivyonenepa namshukuru. Nililia kila mara, nikanawa uso, nikaenda kutafuta kingine. Ndivyo nilivyofika kwenye chanuo.

Siku ya majaribio alitoka nyumbani amevaa fulana nje ndani. Alirudi jioni karibu anacheka, nikajua kuna jambo.

"Umechagua?"

"Nimechagua. Kumi na wawili, na ni wazuri kwelikweli."

"Na waliobaki umewaambia nini?"

Alianza kukagua bawaba za dirisha. "Nilimvuta kila mmoja pembeni. Waliopata nikawaambia, umo."

"Nimeuliza waliobaki."

"Nikawaambia, wewe bado nakuangalia."

Niliweka chanuo chini. "Unawaangalia nini?"

"Maendeleo yao."

"Kuna nafasi itakayopatikana?"

"Hakuna."

"Sasa unawaangalia nini, Mwalimu?" Nikikasirika namwita Mwalimu. Lakini alikuwa ameshapita kwenye pazia.

Wengi wao walielewa wenyewe, maana watoto wana akili kuliko tunavyowapa. Waliacha kuja mmoja mmoja. Wachache walibaki, na kati ya hao wachache alikuwepo mmoja waliyemwita Njiti, msichana mwembamba wa miguu mirefu ambaye mikono yake haikumsikiliza. Ukimrushia mpira unampita katikati ya viganja, yeye mwenyewe anashangaa umepitia wapi. Lakini alikuwa wa kwanza kufika. Alipanga koni, alikusanya chupa za maji, na mpira ukitoka uwanjani ukashika barabara ya chini, ni yeye aliyeufuata, akarudi nao wenzake hawajamaliza kulaumiana nani kautoa. Mume wangu alinisimulia hayo huku akicheka. Wala hakujisikia anachokisema.

Mama yake Njiti ni mteja wangu. Anafua mashuka hospitalini, na siku yake ya mapumziko huja kusukwa, analala usingizi kwenye kiti kabla sijafika nusu ya kichwa. Siku hiyo hakulala.

"Shoga, mwanangu yumo kwenye timu."

"Kaambiwa na nani?"

"Si na mumeo! Kamwambia anamwangalia."

"Mama Njiti, kumwangalia siyo kumchagua. Hebu nenda kamuulize vizuri."

"Nikamuulize nini tena? Mwalimu mzima, mwenye watoto wote wale, aje kumwangalia wangu bure?" Alicheka, kichwa kikatikisika mikononi mwangu. "Wewe nawe una roho nzito. Kila jema lazima uligonge kwanza uone kama limepasuka. Asubuhi simwoni kitandani, nakuta yuko mlangoni anaruka aguse juu ya fremu. Rangi yote imetoka kwa vidole vyake."

Niliendelea kusuka, lakini si kwa amani. Kumwambia mtoto wa mwenzangu habari hiyo si kazi ya msusi, ni kazi ya mwenye filimbi. Jioni nilimsubiri mwenye filimbi mlangoni, nikamweleza kuhusu fremu na rangi. Akashika kichwa.

"Kesho namwambia."

Kesho ikaja, nikamuuliza. Kesho, akasema. Nikawa namuuliza kila akiingia, naye akawa anaingilia mlango wa nyuma. Alikonda. Alianza kuzungukia nyuma ya madarasa ili asikutane na yule mtoto, mwalimu mzima, anachungulia kwenye kona kama mwizi wa kuku. Usiku anageuka huku, anageuka kule, blanketi lote liko sakafuni. Nami nikawa situlii. Nasuka mstari, unapinda, naufumua. Nakaripia wateja ambao hawajanikosea. Nyumba nzima ilikuwa inaenda huku na huko kwa ajili ya neno moja ambalo mtu mmoja hataki kulitoa mdomoni.

"Nikimwona ananitazama, maneno yanakauka," aliniambia.

"Kwani si wewe unayemwangalia?"

Hakucheka. Hata mimi sikucheka.

Basi ikafika siku moja kabla ya mechi ya kwanza. Wasichana waliingia saluni kutoka shuleni wote kwa pamoja, mabegi chini, viatu mlangoni, harufu ya mafuta ya nywele na ya soksi, kila mmoja anaongea na hakuna anayesikiliza. Nilikuwa nasuka kwa kasi. Mtoto akikalia kile kiti anainamisha kichwa kifuani, naanzia kisogoni, na kwa hiyo mbele yangu kuna shingo tu, shingo baada ya shingo. Nilimaliza moja, nikakung'uta taulo, ikaja nyingine. Nywele hizi zilikuwa zimeoshwa vizuri na kufumuliwa nyumbani, mkono wa mtu mzima ulipita hapo. Nikasuka mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikamwambia inua kichwa kidogo. Akainua, nikamwona kwenye kioo. Njiti. Ametabasamu mpaka mashavu yamemwisha.

Mikono yangu ilisimama. Nilisikia joto la kichwa chake kwenye viganja, na nikaona kabisa kwamba nikiendelea mstari mmoja zaidi nitakuwa namdanganya kwa vidole vyangu mwenyewe.

"Mwalimu!" niliita.

Alikuwa uani anajaza mipira upepo. Alikuja na pampu mkononi, akasogeza pazia, akaona aliyekaa. Alinisogelea karibu sana.

"Msuke tu," akanong'ona.

"Nimsuke wa timu?"

"Mama, ni nywele tu."

"Siyo nywele tu na unajua." Sikunong'ona. Benchi zima lilinigeukia. "Simsuki mpaka useme."

Njiti hakugeuka. Alimtazama kwenye kioo. "Aseme nini?"

Mume wangu alienda mlangoni, akarudi. Akagusa chupa za mafuta kwenye rafu, akainyoosha moja iliyokuwa imenyooka tayari. "Njiti, mwanangu, unajua, mimi bado..."

"Kesho nacheza, mwalimu?"

"Basi lina nafasi. Unaweza kuja, ukashangilia wenzako, kuna watu wa kubeba..."

"Nauliza kucheza."

Ndiyo, nilikuwa na hasira naye, lakini nilimhurumia pia, maana nilijua anajiona kama anamshikia mtoto kisu.

"Hapana," akasema. "Huchezi. Hukuchaguliwa."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya majaribio."

Njiti alibaki anatazama kioo. Midomo yake ilikuwa inacheza kidogo, anakumbuka kitu, anakipanga. Tulingoja alie. Hakulia.

"Wiki ile ile mwalimu wa riadha aliniita," akasema. "Aliniona nafuata mpira barabarani. Akaniambia njoo ukimbie, nachagua watu wa mita mia nane. Nikamwambia siwezi, mimi ni wa netiboli. Akaniuliza, una uhakika? Nikamwambia mwalimu wangu ananiangalia."

Sasa akalia. Alilia kwa sauti, kwa hasira, miguu ile mirefu ikipiga chuma cha kiti. "Ungeniambia! Ungeniambia ningeenda! Mimi ningeenda!"

Sijui mume wangu alitegemea nini miaka yote hiyo. Nadhani alitegemea mtoto aanguke kwa sababu ya lile neno hapana. Lile hapana Njiti alilipokea vizuri tu. Lililomwangusha ni siku zote zilizopita kabla halijasemwa, na hizo hakuna mwalimu wa kumrudishia.

"Naenda kwake sasa hivi," mume wangu akasema. Mguu mmoja ulikuwa ushafika kizingitini. "Nitamweleza kosa ni langu. Atanielewa, tumesoma wote. Nitaongea naye, wewe subiri hapa, utaona..."

"Usiende."

"Niache nirekebishe, mwanangu."

"Usiende, mwalimu. Ukienda wewe mtaongea, mtaoneana haya, halafu utarudi uniambie nisubiri." Alivua taulo mabegani. "Naenda mwenyewe. Nataka aniambie mimi."

Alichukua kilemba changu kwenye msumari bila kuomba, akakifunga juu ya zile nywele nusu nusu, akatoka bila viatu. Nilimfuata mpaka mlangoni. Alikuwa anakimbia. Alimpita mtu wa baiskeli, akampita mbwa wa jirani kabla hajakumbuka kubweka, akakunja kona ya shule, na vumbi bado halijainuka vizuri. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona akikimbia, na niliumia vibaya sana.

Niliporudi ndani hakuna aliyekuwa amesogea. Kwenye benchi alikuwepo mtoto mmoja mfupi, kanyanyua kidole kama yuko darasani. Naye alikuwa mmoja wa wale walioangaliwa.

"Na mimi, mwalimu?"

Mume wangu alinitazama mimi. Nilimwachia mwenyewe.

"Wewe pia hapana," akasema. "Hukuchaguliwa. Ilikuwa nikuambie siku ile ile. Nisamehe."

Mtoto alipangusa pua kwa mkono. "Nilijua," akasema. "Ila sikuwa na uhakika." Akauliza kama anaweza kubaki awatazame wenzake wakisukwa. Nikamwambia abaki, na anishikie uzi. Alinishikia uzi, akawa anafuta macho kwa bega kila baada ya muda, hakuna aliyemsema.

Nilisuka vichwa kadhaa. Mume wangu alikuwa ukutani na ile pampu yake, na kila hatua iliyosikika nje aligeuza uso mlangoni.

Njiti alirudi anatembea. Miguu ilikuwa na vumbi mpaka magotini na kilemba changu kimelowa jasho. Alisimama katikati ya saluni, wote tukimtazama, akatuambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyetumwa dukani akakuta bidhaa imekwisha.

"Amekataa. Nafasi kampa mwingine, na majina yashapelekwa. Amesema nijaribu mwaka ujao, lakini haniahidi."

Mume wangu alifunika uso kwa mikono yote miwili. Pampu ilianguka sakafuni. Njiti alimtazama kidogo, si kwa chuki wala si kwa kumsamehe, alimtazama tu kama unavyomtazama mtu mzima ambaye leo umemjua. Kisha akamwomba aliyekuwa kwenye kiti ampishe, akapanda, akafungua kilemba.

"Fumua hii ya timu, mama," akaniambia. "Unisuke yoyote nyingine."

Akainamisha kichwa, nikaanza kufumua.